Mtutu Mrefu wa Zabroni

Harufu ya mawese yakiungua haijawahi kunipa njaa. Hunipa joto masikioni, kama mtoto aliyeitwa jina lake na mwalimu aliyeshika fimbo. Basi niseme sasa, maadamu wote ambao wangenichapa wameshazikwa: ni mimi niliyetia mawese katika mtutu mrefu wa bastola ya ofisi ya baba, kule Kasulu, jioni ya kuamkia mashindano ya kulenga shabaha. Nilikuwa na miaka kumi. Nilikana kesho yake. Nilikana tena likizo moja nilipokuwa chuo kikuu, wakati huo nikiwachosha wenzangu bwenini kwa mihadhara juu ya maana ya ukweli. Mara ya mwisho nilikana kando ya kitanda cha hospitali, baba aliponiuliza kwa upole wa mtu asiyetaka kuondoka na swali moja mfukoni. “Hapana, baba,” nikasema, nikamrekebishia mto. Mwanamke wa miaka arobaini, mwenye shahada mbili.

Katikati ya miaka ya sabini baba alikuwa bwana nyama wa Kibondo. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza viboko mashambani, kuwakamata majangili, na kuandika ripoti ambazo aliamini hakuna aliyezisoma. Nyuma ya ofisi kulikuwa na ghala dogo la silaha, lenye bunduki chache na sanduku moja la mbao lililoachwa na Mzungu aliyeshika kazi hiyo kabla yake. Ndani ya sanduku, juu ya kitambaa cha kijani kilicholiwa na nondo, ililala bastola ya mashindano, ya kupiga risasi moja moja, ikiwa na mitutu miwili ya kubadilishana. Ulichomoa pini, ukautoa huu, ukauweka ule. Mmoja ulikuwa mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja, wenye tundu dogo la risasi za ishirini na mbili, nyembamba kama penseli. Wa pili ulikuwa mfupi na mnene, wa risasi za thelathini na mbili. Mimi niliona baba mmoja na mama mmoja, na sitasema upi ulikuwa yupi.

Aliyezisafisha silaha hizo alikuwa kibarua aitwaye Zabroni, mtu wa Titye, mrefu, mpole, ambaye ujanani aliwabebea wawindaji mizigo akajifunza kulenga kwa kuwatazama wakikosa. Nilimfundisha kuandika jina lake kwa mkaa ukutani mwa ghala, naye kwa malipo akaniita Mwalimu mbele za watu. Mikono ya baba ilikuwa imeanza kutetemeka. Yeye alisema ni kahawa, mama alisema mengine. Kwa hiyo ilipokuja habari kwamba siku ya Sabasaba kutakuwa na mashindano ya bastola Kasulu, mbele ya wakubwa wa mkoa, baba alimchagua Zabroni apige kwa niaba ya Kibondo. Akamwahidi: ukirudi na nafasi ya kwanza au ya pili, nitakuandikia barua uajiriwe kuwa askari wa wanyamapori. Zabroni alikuwa na mke, watoto wawili, na kazi ambayo kila mwisho wa mwezi ingeweza kukoma. Siku ile ile nilimkuta amesimama mbele ya sare iliyoning'inia ofisini, akipima urefu wa mkono wake na wa koti.

Ikabaki kuamua ni mtutu upi. Waliamua kwa wiki mbili, na sijaona tena watu wazima wakibishana kwa raha namna ile. Asubuhi walikwenda nyuma ya ofisi, wakabandika karatasi za shabaha mbele ya kichuguu kikubwa, wakahesabu hatua ishirini na tano. Mimi niliokota maganda ya risasi na kuleta karatasi.

“Risasi nene inatoboa tundu kubwa,” baba alisema. “Ukingo wa tundu ukigusa tu mstari wa duara la ndani, umehesabiwa la ndani. Hizo ni pointi za bure, Zabroni.”

“Ego, ndiyo, bwana mkubwa. Lakini inaruka mkononi kama mbuzi aliyeshikwa mguu. Hii ndogo imetulia. Na mtutu ukiwa mrefu, kinundu cha kulengea kiko mbali na jicho, nikiyumba kidogo tu nakiona kinayumba. Unanionyesha kosa langu kabla sijavuta.”

“Na mkono ukichoka? Uzito wote uko mbele.”

“Mkono wa jembe huu. Utachoka kwa risasi tano?”

Mama akapaza sauti kutoka jikoni: “Mnachagua mke huko? Oeni wote wawili mje mle, ugali unapoa!”

Karatasi zilikuwa upande wa Zabroni. Kwa mtutu mfupi matundu yake yalikuwa makubwa na yametawanyika. Kwa mrefu yalikaa pamoja kama vipele. Hata hivyo baba hakupenda kushindwa na karatasi. Mwishowe akafunga sanduku akasema, “Haya. Lakini uchaguzi ni wako, si wangu. Ukumbuke hivyo.” Zabroni akakubali kwa mikono miwili, kama anayepokea zawadi. Aliponiona nimekaa kizingitini akanieleza: “Mwalimu, huu mrefu una sharti moja tu. Unataka ulaini ndani. Njia ndefu haitaki kokoto.”

Ulaini. Nililibeba neno hilo hadi Kasulu, nyuma ya Landrova, katikati ya vumbi na magunia ya maharage. Tulifikia kwa shangazi. Jioni Zabroni alipitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu, akautazama kwenye mwanga wa dirisha, akaufunga kwa flaneli, akaliweka sanduku katika chumba nilichopewa kulala, kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwa na komeo. Kisha wakatoka na baba kwenda kusalimia watu. Nikabaki na sanduku, na jikoni shangazi alikuwa ameacha chungu cha mawese kando ya mafiga, ya moto, mekundu, yanayong'aa.

Msomaji ambaye hakukulia Kigoma avumilie kidogo. Kwetu mawese hayakuwa kitoweo tu. Bibi aliyapaka bawaba za mlango, mnyororo wa baiskeli, magoti ya wazee na kichwa cha mtoto mchanga. Kitu chochote kilichokwaruza, mtu alisema, “Tia mawese.” Sikuona kwa nini bunduki iwe na maringo. Nilichota kijiko kimoja, nikamimina ndani ya mtutu mrefu, nikauinamisha huku na huku, nikafuta ncha zote mbili kwa gauni langu kwa uangalifu ambao sijawahi kuuonyesha katika kazi nyingine yoyote, nikaufunga tena kwa flaneli. Nililala nikitabasamu. Nilikuwa nimemsaidia rafiki yangu kupata sare.

Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa mjinga tu, na wajinga wa miaka kumi husamehewa. Lakini Kasulu mwezi wa saba ina baridi ya kuuma meno. Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba, na shangazi alitoa chupa ya mawese rafuni, akaigeuza juu chini, na hakuna kilichotoka. Yalikuwa yameganda, manjano, mazito kama udongo wa kufinyangia. Akaiweka kando ya moto, kama alivyofanya kila asubuhi ya kipupwe. Nikaitazama ile chupa. Sitadai kwamba sikuelewa. Nilielewa kabla uji haujafika mdomoni. Baba alikuwa hatua nne kutoka kwangu, akifunga kamba za viatu, na Zabroni alikuwa uani akipiga mswaki kwa kijiti, akiimba. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema. Nilikunywa uji.

Uwanjani watu walikuwa wengi, na kando yao kina mama wakikaanga samaki. Zabroni alifungua sanduku, akauweka mtutu mrefu, akatia risasi. Hakuchungulia ndani, alikwisha kuutazama jana, kwa macho yake mwenyewe. Risasi ya kwanza haikugusa karatasi kabisa. Moshi mwembamba ulitoka, wenye harufu ya jikoni, na kila mtu akadhani ni wale kina mama.

“Kibondo! Mnawinda mawingu?” mtu alipaza sauti.

“Mpeni manati huyo!” akadakia mwingine, na uwanja ukacheka.

Zabroni alitazama bastola, akatazama mkono wake. Risasi ya pili ikatua pembeni kabisa mwa karatasi. Ya tatu upande wa pili. Ya nne chini. Miaka mingi baadaye shemeji yangu mmoja, askari mstaafu, alinieleza bila kujua anamweleza nani. Mtutu ukiwa na uchafu, alisema, risasi za kwanza hupotea, kisha zenyewe zinausafisha. Lakini mpigaji anakuwa ameshaanza kurekebisha. Anahamisha lengo kufuata kosa ambalo si lake, na mtutu ukishatakata, sasa anakosa kweli. Kadiri anavyokuwa mwangalifu, ndivyo anavyozidi kupotea. Zabroni alikuwa mtu mwangalifu kuliko wote niliowajua. Ya tano, ya mwisho, nayo ilitua pembeni.

Baba hakumgombeza. Ingekuwa afadhali. Aliichukua bastola, akaifungia sandukuni ikiwa bado na joto, akasema kwa sauti ndogo, “Nilikwambia mfupi.” Zabroni akajibu, “Ndiyo, bwana mkubwa. Niliuchagua mwenyewe.” Mchana, kwa desturi tu, baba aliniuliza kama nililichezea sanduku. “Hapana, baba.” Akaniamini upesi, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kwanza darasani, na watu huamini kwamba mtoto anayejua kugawanya kwa tarakimu tatu hajui kusema uongo. Barua haikuandikwa. Mwezi uliofuata Zabroni alirudi Titye kulima. Alikuja kuniaga, akaandika jina lake ukutani kwa mkaa, safari hii bila kukosea herufi, akaniuliza, “Sawa, Mwalimu?” Nikasema sawa.

Leo kutoka Kibondo hadi Kasulu ni mwendo wa asubuhi moja, na mtu anaweza kusinzia njiani bila kugonga kichwa. Nyumba ya bwana nyama imeezekwa upya kwa bati la bluu. Ninaishi Dar es Salaam, ambako mawese hayagandi mwaka mzima, na wanangu huyapima kwa kijiko kama dawa. Zamani ilikuwa rahisi kumpoteza mtu: alipanda lori kwenda Titye, ikawa amekwenda. Kwa miaka thelathini na zaidi niliutumia umbali huo kama kisingizio. Sasa hakuna umbali. Mwaka jana binamu yangu wa Kasulu alinitumia namba ya Zabroni bila hata kuuliza naitakia nini, nami nikakaa nayo miezi miwili, nikiandaa samahani. Nilikuwa na matoleo matatu. La tatu lilikuwa zuri sana.

Alipokea mwenyewe. “Mwidiwe,” nikamsalimu kwa Kiha, nikajitambulisha. Akacheka kwa furaha, “Mwalimu!” nami nikaona nikingoja kidogo sitasema kamwe, nikayamwaga yote: chungu, kijiko, gauni, chupa ya shangazi, uji.

“Kwa hiyo,” akasema polepole, “ule mrefu ulikuwa sawa.”

“Ulikuwa sawa, baba.”

“Na risasi ndogo?”

“Nayo ilikuwa sawa.”

Nikamsikia akivuta pumzi. “Unajua, mwanangu, mimi tangu siku ile sikuchagua tena kitu. Shamba alinichagulia kaka. Baiskeli, kaka. Mbegu, mpaka leo, huchagua huyu mama. Nilisema kichwa changu hakijui kuchagua.” Kisha akageuka kutoka kwenye simu, akaita kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mzee: “Mama Yoramu! Njoo hapa! Ule mrefu ulikuwa sawa!” Kwa mbali sauti ya mwanamke ikauliza mrefu upi. “Wa Kasulu! Wa Kasulu!” Akarudi kwangu akihema. “Nimeweka sauti kubwa. Hebu sema tena, asikie.”

Nikasema tena. Akataka niseme na habari ya risasi, nikasema. Akataka nirudie yote tangu mwanzo, polepole, kwa sababu mama alikuwa na ukaidi. Nilirudia mara tatu. Samahani hakuiulizia, nami sikupata pa kuichomeka.