Sahani ya Mtu wa Makala

Desemba ikifika, kwetu ugomvi hauko mbali. Binti yangu huniuliza kwa nini kijana anayetuletea bidoni za maji kwa pikipiki apewe kitu siku ya Noeli. "Mama, tunamulipaka kila safari. Matabishi tena ya nini?" Anauliza huku macho yake yapo kwenye simu, na hapo ndipo damu inanipanda. Lakini sauti ile naijua. Ni sauti ya babu yake, ambaye hakumwona hata siku moja. Naye babu yake alikuwa na hakika hivyo hivyo, mpaka Noeli moja ilipomshika.

Enzi zile baba alikuwa mtu wa kampuni. Sirene ya kiwanda ikilia asubuhi, yeye tayari yuko juu ya kinga yake, baiskeli nyeusi aliyokuwa akiipangusa kila Jumapili utadhani nayo inakwenda kuungama. Mwisho wa mwezi kulikuwa na mshahara, na juu ya mshahara unga na samaki wa chumvi, na sisi watoto tulinenepa bila kujua kwamba kunenepa nako ni bahati. Makala yetu, yaani makaa ya kupikia, yaliletwa na mzee mmoja wa njia ya Kambove. Alisukuma kinga yenye magunia marefu kumzidi yeye mwenyewe. Ukimwona kwa nyuma ungesema magunia yanatembea yenyewe.

Noeli ya siku zile, jamani. Mvua imenyesha usiku, lupango lote, ua wetu, linanuka udongo, ndani kunanuka kuku na nta nyekundu ya sakafu, na viatu vipya vinauma lakini huvui ng'o. Mama alikuwa hakai mezani kabla hajamwekea mzee wa makala sahani yake. Pesa hakumpa, pesa ya mkononi aliiona ni njia ya kumwonyesha mtu mlango. Ilikuwa sahani ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu. Wali chini, kuku juu, sahani nyingine ya kufunika, halafu kitambaa kimefungwa fundo. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaondoka nayo bila kuifungua. Na Bonane, ndivyo tunavyouita mwaka mpya, sahani ilirudi. Haikurudi tupu hata mara moja. Ndani mlikuwa na uyoga wa porini, mkubwa, wa manjano, bado umegandwa na majani na mchanga wa huko ulikotoka. Tuliungojea kuliko nguo mpya.

Baba hakupenda habari ile. Hakuwa mchoyo, nisimsingizie marehemu. Alikuwa na msimamo tu. "Makala iko na bei," alikuwa anasema. "Tunalipa ile bei. Na minye kule kiwandani, nani ananiletea sahani?"

Mama alimjibu bila kuinua uso kutoka kwenye mbabula, jiko letu la makala, akipuliza moto. "Bei ni ya makala. Sahani ni ya muntu."

Baba alicheka, akasema wanawake wa Likasi wataharibu kazi zote za dunia kwa wali.

Halafu mambo yakafa. Siasa sitasimulia, walioziona wamechoka nazo. Sirene ilinyamaza, ikalia tena, ikanyamaza kabisa, na wanaume waliendelea kuamka saa ile ile, wakakaa ukingoni mwa kitanda hawajui waende wapi. Mshahara ulikuwa wa kesho, kesho ikawa mwezi ujao, mwishowe hakuna aliyeuliza tena. Tuliuza redio, tukauza kabati, tukauza kitanda cha wageni, kwani wageni wenyewe walikuwa wapi? Kinga ya baba haikuuzwa. Alifunga miti miwili nyuma yake, akashika njia ya Kambove kutafuta makala.

Alitoka alfajiri na kurudi mweusi mpaka ndani ya masikio. Akikaribia mji alishusha kofia hadi kwenye nyusi, wenzake wa kiwanda wasimtambue. Kichekesho ni kwamba wenzake wengi nao walikuwa barabarani, na kofia zao nazo chini. Wanaume wale walipishana, kila mmoja na magunia yake, kila mmoja akijifanya hamjui mwenzake, watu waliokula pamoja miaka na miaka. Nilimhurumia baba. Kumwambia sikuthubutu.

Kati ya wateja wake alikuwepo mke wa mwenye duka mmoja, familia ya Waislamu waliotoka zamani upande wa Maniema. Mama yule alinunua gunia zima, hakubishana bei, akamwita baba "kaka". Baba alimsifu nyumbani, na miaka ile baba hakuwa anasifu kitu.

Siku moja kabla ya Noeli alirudi mapema, akaegemeza kinga ukutani, akanawa uso. Mama alikuwa amekaa kwenye kibao anasafisha uyoga. Aliupata sokoni kwa kubadilishana na kikwembe chake kimoja, kitenge cha kutokea, na hiyo ndiyo iliyokuwa Noeli yetu: bukari, ugali wetu, na uyoga ule. Kuku tulimwona kwa jirani tu, anatembea.

"Yule mama wa dukani," baba alisema, "alitaka kunipa chakula. Nilimuambia apana. Minye niko nauzisha makala, hapana kuomba."

Mama aliweka kisu chini. "Chakula namna gani?"

"Sahani."

"Ilikuwa imefunikwa?"

"Ilifungwa na kitambaa."

"Na weye ukamurudishia mu mikono yake."

Baba aliendelea kujipangusa uso uliokwisha kukauka. Kwetu sahani iliyofunikwa haikataliwi. Umeshiba, unaichukua. Unaumwa, unaichukua, ukifika nyumbani unampa jirani. Kumrudishia mpishi mikononi ni kumwambia: naogopa ulichotia humu ndani. Watu wamevunja undugu kwa jambo hilo. Baba aliyajua hayo tangu utotoni. Haya tu ndiyo iliyomsahaulisha.

"Na Noeli si sikukuu yake," mama alisema polepole. "Alikupikia weye, sababu anajua ni yako. Leo atalala anajiuliza unamuwazia sumu gani."

"Sitaki muntu anihurumie."

"Nani anakuhurumia? Yule muzee wetu wa makala, miaka yote ile, nilikuwa namuhurumia?"

Baba alitundika kofia yake kwenye msumari.

Kesho yake, tulipotoka kanisani, mama alipika uyoga wote. Nilisimama karibu na mbabula nikamwona anaupakua kwenye ile sahani yenye ukingo wa buluu, haachi hata kipande, na hasira zilinishika mpaka machozi yakanitoka. "Na shiye?" niliuliza.

"Shiye tuko na sombe," alijibu, yaani majani ya muhogo ya kila siku, akakaza fundo. Nyama asingeweza kuwapelekea, alisema, kwa sababu wana namna yao ya kuchinja, lakini uyoga hauna dini. Kofia ya baba ilikuwa kwenye msumari wake karibu na mlango. Baba aliitazama. Mama alimtazama baba anavyoitazama. Kofia ikabaki pale pale.

Tulienda kwa miguu, sisi watatu. Getini baba alipiga hodi kwa sauti ndogo, mithili ya mtu aliyekuja kukopa chumvi. Yule mama alitoka, akatuona, akasimama. Karibu hakusema. Nilimwona baba yangu, aliyekuwa akiongoza wanaume wazima kiwandani, anarudi nyuma hatua moja. Niliogopa atageuka tuondoke, na sisi tubaki watu waliomtukana mwenzao siku ya sikukuu.

"Mama," alisema mwishowe, "jana nilikosa. Ilikuwa haya ya minye mwenyewe. Haikukuwa juu ya chakula yako."

Mama yangu alipiga goti kidogo, akatoa sahani. Mtu mwingine angeipokea na kuingia nayo ndani. Yule mama aliifungua mbele yetu. Alichukua kipande cha uyoga kwa vidole, akakila polepole, akituangalia usoni, baba kwanza. Akameza. "Iko muzuri," alisema. "Ngojeni."

Alikawia. Aliporudi alishika sahani yetu hiyo hiyo, imeoshwa, sasa ina pilau na nyama ya mbuzi inayofuka moshi, kwa sababu hata kwao sahani hairudi tupu. Kitambaa hakukifunga. Alimpa baba, si mama, na sote tulijua ni zamu ya nani.

Baba alikuwa mtu wa meza na kiti. Barabarani sikuwahi kumwona anakula hata karanga. Alimpa mama aishike sahani, akachota pilau kwa vidole vyenye weusi wa makala ulioshinda sabuni, akaweka mdomoni, akatafuna. Alitafuna muda mrefu kuliko wali unavyohitaji. Machozi yalimshuka, naye hakuyapangusa.

"Asante, dada," alisema.

Njiani mama hakuachiwa sahani. Baba aliichukua mwenyewe kwa mikono miwili, akapita nayo katikati ya avenyu, kichwa wazi, na kila mwenzake wa kiwanda tuliyekutana naye, baba ndiye aliyeanza kumsalimu, kwa jina lake.