Winifrida na Sweta za Kufumua

Winifrida Ndunguru hakujua kutulia. Polio ilimnyang'anya miguu akiwa na miaka minne, lakini mikono yake haikukaa bure. Kwenye karakana ya walemavu pale Mbinga mjini, alikofuma sweta za shule kwa miaka tisa, wenzake walimtania kwamba hata akila anafuma.

Mwaka 1995 marobota ya mitumba yalijaa sokoni. Sweta za Ulaya, nene kabisa, zikawa rahisi kuliko uzi wa kufumia. Wazazi wakaacha kuagiza. Juni ile, baridi ikiuma, wafumaji kumi na mmoja walikaa mbele ya mashine zisizo na uzi. Msimamizi akawaambia wasubiri wafadhili.

"Tusubiri mpaka lini?" Winifrida aliuliza.

Siku tatu alizunguka na baiskeli yake ya magurudumu matatu, karakana hadi sokoni, sokoni hadi karakana. Siku ya nne alisimama kwa Bakili, muuza mitumba.

"Zilizotoboka unazipeleka wapi?"

"Nachoma moto, dada. Nani atavaa?"

"Nipe mimi."

Aliondoka na gunia zima. Lakini kufumua kulimshinda. Alikata mshono pasipo pake, uzi ukatoka vipandevipande. Ndipo akamwendea Tarsisi, jirani yake kipofu, aliyeshinda barazani kwa kaka yake bila kazi yoyote.

"Tarsisi, shika hii. Nitafutie uzi unapoanzia."

Tarsisi alipapasa ukingo taratibu, mpaka Winifrida akatamani kumpokonya. "Hapa," akasema, akavuta. Mkono mzima wa sweta ukafumuka bila kukatika hata mara moja. Akacheka kwa sauti, mtu ambaye majirani walizoea kumwona kimya.

Waliuchemsha uzi kwenye sufuria yenye maji ya rangi ya buluu, ufanane na sweta za shule. Januari, shule moja ya Kitura iliagiza sweta sabini. Ishirini zilirudishwa kwa kuwa na mabaka. Winifrida akazitia rangi upya, akizisonya. Wafumaji watatu wakarudi kwenye mashine zao. Tarsisi akawa na kigoda chake na mshahara wake, na kaka yake akaanza kumwomba sukari.

Bakili alipotangaza kuhamia Mbamba Bay, kule ziwani, wafumaji wenzake walimsihi Winifrida apumzike kidogo kwanza. Asubuhi iliyofuata alikuwa ndani ya basi, baiskeli imefungwa juu, kijiji cha Kitai kimeshapitwa, akienda Songea kutafuta muuza mitumba mwingine mwenye sweta zilizotoboka.