Ile Volan Nzito ya Gari ya Mugiriki

Nilimuchukia yule muntu tangu asubuhi ya kwanza alipoingia garaje, kofia yake nyeupe imekaa sawa kichwani na salopeti yake ya kazi imepigwa pasi. Pasi! Kwa kazi ya grisi! Naandika wazi, kwa sababu nimebaki na meno manne, na muntu wa meno manne amdanganye nani, ili apate nini.

Yeye alitoka katika zile familia za Waislamu wa ziwani, ambao babu zao walivuka kwa biashara wakakaa. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, hata akikutukana unataka aendelee. Mimi ni Muholoholo, mutoto wa muvuvi. Nilisoma miaka miwili kwa Mapadri kule Baudouinville, ambako leo wanaita Moba, halafu nikafukuzwa. Watu walisema ni ujinga. Hapana. Nilimurudishia monitere, mwalimu wetu, kofi lake. Lilikuwa kofi zuri, mpaka leo sijutii, lakini liliniondoa shuleni na kunitupa chini ya magari.

Basi, tuseme habari ya gari. Ilikuwa miaka ya hamsini, muji wetu wa Kalemie ungali unaitwa Albertville. Mugiriki mumoja alikuwa na duka la chumvi na vitenge, na nyuma ya duka garaje ya kamyo zake tatu. Mafundi tulikuwa wawili, mimi na yule wa pasi. Mugiriki hakujua gari. Alijua chumvi. Lakini alinunua kigari kidogo cha kijani, cha wazi, cha viti viwili, kimekaa chini hata kuku akipita unaogopa kwamba atakipanda. Kilishuka bandarini kutoka Kigoma, na sauti yake ilikuwa ya chui aliyekanyagwa mukia.

Wazungu walikuwa na muchezo wao. Jumapili nyingine, baada ya misa, walipandisha magari yao mbio kwenye mulima, kutoka barabara ya ziwani mpaka kwenye nyumba zao za juu, mumoja mumoja, na kule juu anasimama muntu na saa. Mugiriki wetu alikuwa ameshindwa mara tatu na muzungu mumoja wa biro, ile ofisi ya reli. Kila akishindwa alikuja kutupigia kelele sisi. Alisema moteri inalia lakini gari haiendi. Hapo hakukosea. Ambreyaji, yaani klachi, ilikuwa inateleza.

Kwa asiyejua: nyuma ya moteri kuna gurudumu la chuma, zito kama jiwe la kusagia. Hiyo njo volan ya moteri, si ule usukani wa kushika na mikono. Juu ya volan inakaa sahani yenye ngozi ngumu ya kushika, na resori, zile springi, zinaibana. Ukikanyaga pedali, sahani inaachia. Ukiinua muguu, inashika, gari inakwenda. Resori zikichoka, sahani inateleza na kuungua, na harufu yake ni ya pembe ya mbuzi iliyoangukia motoni.

Siku moja Mugiriki alituita dukani sote wawili. Juu ya gunia la chumvi ameweka kataloge ya Ulaya. Akasema hivi:

"Yule muntu wa reli nataka nimushinde. Kila mumoja aniambie nichague nini. Gari ikipanda vizuri, aliyesema sawa atakuwa kapita, mukubwa wa garaje, na nyumba ya matofali ni yake. Mwingine atapaka grisi mpaka azeeke."

Akacheka. Alipenda kutuona hivyo, kama watu wanaochokoza majogoo wawili kwa kijiti. Naye nilimuchukia, lakini chuki ya muzungu wakati ule ilikuwa kama joto la Oktoba, kila muntu analo, hulisemi.

Ile nyumba ilikuwa vyumba viwili nyuma ya garaje, bati juu, mulango wenye kufuli. Mimi nililala garaje, juu ya matairi. Muke wangu alikuwa amerudi kwa baba yake Kirungu, kule milimani kwenye baridi, pamoja na mutoto wetu. Nilipopanda kumufuata, baba mukwe alinipa maharagwe, aliniacha nishibe, halafu akasema: "Mutoto wangu hatalala juu ya matairi. Siku utakayopata mulango wa kufunga, ulete habari, nitamuteremusha mwenyewe." Nilishuka ule mulima siku mbili na miguu, na kila jiwe nililolikanyaga nililiambia: mulango, mulango. Kwa hiyo musinione mujinga wa kugombana kwa ajili ya vyuma. Mimi niligombana kwa ajili ya muke wangu.

Yule wa pasi alisema wa kwanza. Kila siku alikuwa wa kwanza kusema.

"Bwana, volan hii nzito iliyomo, tuiache. Tuipeleke kwa mafundi wa reli waisawazishe uso tu. Agiza resori kali na sahani mupya. Basi."

"Na hii?" Mugiriki akaweka kidole kwenye picha ya volan nyingine, nyepesi, imetobolewa matundu pembeni, inang'aa.

"Hiyo ni ya barabara ya sawa, Bwana. Mutumbwi muzito, ukiacha kupiga kasia, unaendelea kwenda peke yake. Mutumbwi mwepesi unasimama palepale. Moteri njo hivyohivyo. Sisi tunaanzia mulimani, kamba yao ya kuanzia wanaiweka kwenye mupando. Ukiinua muguu, volan nyepesi haina nguvu ya kukusukuma, moteri inakufa." Akanigeukia. "Ndugu yangu huyu ni mutoto wa muvuvi, mumuulize. Au baba yako alivua samaki wa kopo?"

Watu wa duka wakacheka. Na mimi nilijua kwamba amesema kweli. Nilijua! Nimepiga kasia kabla sijaota meno ya ukubwa. Lakini kama angesema jua linatokea ng'ambo ya ziwa, siku ile ningeapa kwamba linatokea Kabalo, kule linakozama.

"Bwana," nikasema, "huyu alikuwa shofere wa kamyo za Kabimba. Amezoea kubeba simenti. Anataka kigari chako kiende kama simenti. Chukua nyepesi. Moteri itaruka kama panzi."

"Panzi anaruka," akasema yule, "lakini hajui atatua wapi."

"Wewe utatua kwenye grisi."

Mugiriki alitazama ile picha inayong'aa, akatazama sura zetu, akasema: "Yule wa reli hana hii." Akachagua nyepesi. Nilitoka dukani nimekuwa mukubwa, sina kapita mwenzangu duniani.

Kisanduku cha volan kutoka Ulaya kilikawia, nadhani mvua zote zilikwisha. Kilipofika tulifungua gari pamoja. Yule wa pasi alinipa funguo kwa ncha za vidole, kama ananipa panya. Ile volan nzito ya zamani tulipoitoa, niliitupa chini. Akaiokota, akaipangusa, akaiegemeza ukutani.

"Iweke vizuri. Utaitafuta."

"Nitaitafuta nikitaka kukuvunja miguu."

Siku ya kujaribu, kwenye barabara ya ziwani, palipo sawa, eh! Ukigusa petroli tu, moteri inapanda juu kama mwanamuke anayepiga vigelegele. Mugiriki alinipiga begani mbele ya watu. Nikatuma ujumbe Kirungu kwa muntu wa ndizi: mulango uko karibu.

Halafu tukaenda mulimani. Mugiriki akainua muguu, moteri ikafa. Akarudia, ikafa. Yule wa pasi alisimama pembeni, akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. Nikamwambia Mugiriki: "Bwana, muguu wako unainuka haraka. Inua polepole, na petroli nyingi." Hiyo ilikuwa sumu, na niliijua. Ukiinua polepole na petroli nyingi, sahani inasugua, inasugua, inaungua. Gari ilipanda, ndiyo, lakini kila siku ilitoa ile harufu ya pembe ya mbuzi, na mafuta ya moteri yalikuwa yanavuja kidogo nyuma, yanaingia kwenye sahani. Ijumaa ya juma lile la mashindano, haikushika tena. Sahani nyingine hatukuwa nayo. Mugiriki alikwishatangaza kwa wazungu wote.

Hapa niseme jambo la Kabimba. Kule wanachoma chokaa na kutengeneza simenti, na shofere wa kamyo walikuwa na dawa yao. Ambreyaji ikiteleza njiani, unafungua kifuniko kidogo cha chini, unatia konzi moja ya vumbi la chokaa. Linakunywa mafuta, sahani inashika, unafika. Hatukujua dawa hiyo pale garaje mpaka yule wa pasi alipotusimulia mwenyewe siku moja tukila ugali. Na alimaliza hivi: "Lakini ni konzi moja, na ni ya kufika nyumbani tu. Ukifika, fungua, osha."

Ijumaa ile, saa saba ya muchana, alikwenda kusali. Nami nikaenda kwenye kamyo iliyokuwa imebeba chokaa ya Kabimba, nikakwangua vumbi la chokaa kwenye mbao za nyuma, nikalala chini ya kigari na kufungua kifuniko. Sikutia konzi moja. Nilitia chokaa ya kujaza kopo zima la maziwa. Nilikuwa na haraka ya muke, musinicheke. Nilijaribu uwanjani: ilishika! Nikanawa mikono.

Jumapili watu walijaa, wazungu upande wa kivuli, sisi upande wa jua. Kamba ilikuwa kwenye mupando, palepale alipopasema. Muzungu wa reli alipanda vizuri, gari yake nzito ya kizee inakohoa tu. Ikawa zamu yetu. Mugiriki amevaa glavu. Akainua muguu, gari ikaruka kama mbuzi, ikafa. Mara ya pili ikafa, ikarudi nyuma, magurudumu ya nyuma yakaingia mutaroni. Mara ya tatu alikanyaga petroli mpaka wanawake wa kizungu wakaziba masikio. Akainua. Ikapiga kelele ya chuma kilichochinjwa, moshi ukatoka, na kwenye matundu ya sakafu likapanda wingu jeupe mpaka hatukumuona tena. Aliposhuka alikuwa mweupe nywele, mweupe nyusi, mweupe mudomo.

Muchukuzi mumoja wa bandari upande wetu akasema kwa sauti: "Leo njo amekuwa muzungu kabisa!"

Tulicheka mpaka polisi akatugeukia. Na mimi nilicheka. Muzungu wa reli akashuka kutoka kule juu kumupa Mugiriki kitambaa cha kujifuta. Kitambaa kile njo kilimaliza mambo.

Garaje, Mugiriki alifungua kifuniko mwenyewe. Chokaa ilimwagika kwenye viatu vyake.

"Nani aliweka?"

Macho yote yalikwenda kwa muntu mumoja, kwa sababu dawa ilikuwa ya nani? Yeye akanitazama mimi. Ningeweza kunyamaza, hata kunyamaza kungetosha. Lakini nikafungua mudomo: "Bwana, haya njo mambo ya Kabimba."

"Si mimi, Bwana," akasema yule. "Mimi nilisema tuache nzito."

"Njo sababu!" Mugiriki akapiga kelele. "Ulisema nzito! Ulitaka nyepesi ishindwe!"

Wala sikulifikiria hilo, Mugiriki alinikamilishia bure. Yule wa pasi hakulia, hakuomba. Alivua salopeti, akaikunja katika mistari yake, akaiweka juu ya meza ya kazi, akatoka na shati lake. Kigari kilichukuliwa na muntu wa Usumbura kama kilivyo, na volan yake ya matundu. Mugiriki hakutaka kukiona tena. Kapita alihitajika mumoja, na fundi alibaki mumoja.

Baba mukwe alimuteremusha muke wangu mwenyewe, kama alivyosema. Muzee alifunga mulango, akafungua, akafunga, akasema, "Haya." Muke wangu aliikuta ile volan nzito ukutani mwa garaje, akaipenda. Aliiweka juu ya kifuniko cha kikapu cha ndagala, wale dagaa wetu, paka wasifunue.

Yule alirudi kwenye kamyo za Kabimba. Kila juma alipita, na kila akiniona alisimamisha kamyo katikati ya barabara, akavua kofia, akainama: "Salamu, Papa Kapita! Nyumba nzima? Papa Kapita, hujambo?" Kwa heshima yote, kwa ule utamu wake, mbele ya watu. Nilitamani anitukane. Ningemurudishia kofi la monitere.

Mwaka ulipozunguka alikuja nyumbani. Nilikuwa nimekaa mulangoni, muke wangu anachagua ndagala.

"Ndugu zangu wanatafuta nanga ya mutumbwi," akasema. "Nimekuja kuchukua chuma changu."

"Chuma chako kipi?"

Akakionyesha kwa kidevu.

"Papa, hiyo ni ya kikapu changu," muke wangu akasema.

"Mama, nisamehe. Chuma hiki nilikichagua mimi, mumeo alichagua kile kingine. Muulize Papa Kapita nani alitia chokaa siku ya Ijumaa, mimi nikiwa nimepiga magoti musikitini." Akainua volan, akaiweka begani juu ya shati nyeupe iliyopigwa pasi, akaenda nayo. Sikusimama.

Muke wangu akauliza. Nikamwambia yote, kama nilivyowaandikia ninyi, hata konzi na kopo. Alisikiliza, mikono inachagua samaki, haikusimama. Halafu akatafuta jiwe, akaliweka juu ya kikapu.

Jioni akapakua ugali. Kabla ya siku ile aliniita Baba ya mutoto. Akaweka sahani mbele yangu, akasema: "Kapita, chakula."

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Alizaa watoto wengine watano katika vyumba vile viwili, na mulango ule bado unafunga, nimeubadilishia kufuli tu. Mugiriki aliondoka, ukapita ukaisha, hakuna garaje tena, muji ulibadilisha jina. Mwaka muke wangu alipougua ugonjwa wake wa mwisho, sauti imebaki kidogo, aligeuza kichwa kwenye muto akasema:

"Kapita, nipe maji."

Nikamupa.