Mpagazi wa Himalaya

Sydney ilipofungwa mara ya pili kwa sababu ya corona, nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee upande wa Parramatta. Ndugu zao walikatazwa kuingia, kwa hiyo sisi wafanyakazi ndio tuliogeuka watoto wao, wajukuu wao, na wakati mwingine marehemu wao. Mimi niliangukia kuwa mpagazi.

Mzee mmoja, mpimaji ardhi enzi zake, alikuwa ametundika ukutani picha ya njia inayokatiza juu kabisa kwenye milima ya Himalaya, upande wa Nepal. Aliivuka ujanani pamoja na rafiki zake. Alinisimulia akili yake ikiwa bado imetulia: walivyopanda pumzi zikiwakatika, hata kufunga kamba za viatu kukawahitaji kupumzika kwanza, theluji ilivyowakuta karibu na pale juu, mahali wapitaji wanaporundika mawe na kufunga vitambaa vya dua. Mpagazi wao mmoja alikuwa amevaa raba za turubai, na vidole vyake vya miguu vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Wakagawana mzigo wake, wakamwambia ashuke peke yake, wao wakavuka. Hawakuuliza tena kama alifika.

Baridi ya Julai ilipoingia, akili ya mzee ikaanza kupotea. Kila nikimpelekea chai alinitazama miguuni, akaniuliza kama nilifika chini salama, na kama nimemsamehe.

Nilikasirika, tena sana. Mimi ni Mchaga wa kule kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na baba yangu alikuwa mgumu, ndivyo tunavyowaita wanaowabebea watalii mizigo kupanda mlima. Shingo yake ilikuwa imedidimia mabegani. Alinisomesha kwa shingo hiyo ili mimi nisije kumbebea mzungu hata chupa ya maji. Na hapa Sydney, kazini na kanisani, niliwaambia watu kwamba baba alikuwa mwalimu. Sasa huyu mzee, bila kujua, alikuwa ananivua nguo mbele za watu.

Mwenzangu wa zamu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu aliyekuwa akija kwa treni kutoka St Marys, hakuelewa ubishi wangu.

"Yaya, umwambie tu ulifika," aliniambia; kwao yaya ni ndugu mkubwa. "Iko shida gani?"

Nilimjibu kwamba sina haki ya kusamehe kwa niaba ya mtu mwingine. Lilikuwa jibu zuri, la msomi. Ukweli ni kwamba sikutaka kuitikia jina la mpagazi.

Siku muuguzi alipotuambia mzee hana muda mrefu wa kuishi, tulimkalisha kwenye kiti dirishani, pembeni ya mmea uliopandwa kwenye chungu. Aliponiona akaanza kulia. Akashika jani moja la ule mmea, akalivuta mpaka likang'oka, akaninyooshea.

Ofisi nyingi za Sydney zina mmea ule, wameuweka kwa urembo. Kwetu unaitwa isale. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake anaomba radhi, na huruhusiwi kumkataa, hata kama amemuua ndugu yako. Nimeona watu waliokuwa hawasalimiani miaka na miaka wakilipokea huku wanalia. Mzee hakuyajua hayo, alishika tu kilichokuwa karibu na mkono wake. Lakini mimi nilijua.

"Mimi siye," nilimwambia. "Umenifananisha."

Mkono wake ukabaki hewani. Yule mama akanipita, akapiga magoti mbele ya kiti, akalipokea lile jani kwa mikono miwili.

"Papa, nilifika," akamwambia kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Miguu ilipona. Niko na watoto sasa."

Hakufanana hata kidogo na mwanamume wa Nepal, na mzee hakujali. Alishusha pumzi ndefu, akauliza watoto wanaitwaje, naye akamtajia wanawe mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilisimama na trei ya uji mkononi, aibu inanichoma hadi masikioni, nikishukuru kwamba barakoa imenifunika uso. Wiki haikwisha mzee akafariki.

Lakini jioni ya siku ile ya jani, tulipokuwa tunavua glavu kwenye korido, yule mama alitoa jani mfukoni akaligeuzageuza.

"Yaya, juu ya nini uliogopa hii majani?" akaniuliza. "Kwenu iko na maana?"

Hapakuwa na mtu mwingine karibu. Ningeweza kumweleza isale ni nini, na baba yangu alikuwa nani. Nikamwambia hapana, kwetu haina maana yoyote. Akalitupa kwenye pipa la taka pamoja na glavu zetu.