Benchi la Watu Wasiotajwa

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo elimu yangu nimeiokota kwenye mabenchi. Kila mji ulio chini ya Mlima Kenya una benchi la aina hii: ubao wa saipresi juu ya mawe, mbele ya duka lililofungwa, na wanaume wasio na kazi asubuhi hiyo wakiijadili dunia. Nimechimba mitaro Kiganjo, na pale walibishana kama polisi anaweza kukataa amri mbaya. Nimechuma kahawa Kianyaga, na pale hoja ilikuwa kama binti aliyeolewa arithi shamba la babake. Mzee mmoja alikasirika akaenda zake, kisha akarudi kwa sababu hakuwa amemaliza kusema. Watu walidhani nahama mji kwa mji nikifuata vibarua. Mara nyingi nilihama kwa sababu nilisikia kuna mahali wanajadili vizuri zaidi.

Naro Moru ndiko nilikosikia mjadala mzuri kuliko kote. Ndiko pia nilikoacha kuuamini.

Benchi lilikuwa kando ya barabara ya Nanyuki, pale wapagazi wanapongojea wageni wa kupanda mlima. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu kutoka magharibi ya nchi, aliyehamishiwa huku akiwa kijana, akaoa, akabaki. Ukitaka kusema, uliinua mkono, naye akakuelekezea gazeti lililokunjwa. Ukimkatiza mwenzako, ulinyamaza hadi kesho. Na juu ya yote kulikuwa na sheria moja: hakuna kutaja mtu. Ungeweza kusema "wakubwa", "majirani", "watu fulani". Ukitaja jina, au ukieleza mpaka jina likajitokeza lenyewe, ulinyang'anywa nafasi.

Mwanzoni niliipenda sheria hiyo. Kwingine nilikokaa, mjadala wa ushuru uliishia kwenye mke wa mtu, na mjadala wa dini uliishia kwa ngumi. Hapa mambo yalibaki kuwa mambo. Tulizungumza kama serikali ina haki ya kunyonga muuaji. Tulizungumza kama mashine zinazofikiri zitakuwa na dhambi. Nilienda kulala kichwa kikiwa kimejaa, na nilikuwa na furaha.

Turubai lililotukinga jua na mvua lilitolewa na mzee mmoja mnene, mpole, aliyekaa mwisho wa benchi, upande wa ukuta. Alikuwa na nyumba nyuma ya soko, na humo iliuzwa pombe ya chupa za plastiki zisizo na lebo. Mjini kila mtu alijua. Kwenye benchi hakuna aliyejua.

Na kando ya benchi, hatua chache kutoka kwa mwenye turubai, mama mmoja aliuza chai na mayai ya kuchemsha. Alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana mpagazi mwenye mgongo mpana, aliyebeba mahema na mitungi ya gesi ya wageni hadi kambi ya juu huku akiimba. Mvua ikija na wageni wakikatika, kijana huyo alishinda nyuma ya soko. Mama alikuwa amekwenda kwa chifu. Chifu aliitisha baraza, akahutubia watu wote kuhusu ulevi, akafunga kwa sala.

Basi siku moja zamu ya pombe ikafika kwetu. Hoja ilikuwa: kwa nini vijana wa mlima wanaisha? Mmoja alisema ni ukosefu wa kazi. Mwingine akasema ni wazazi wa siku hizi, hawachapi watoto. Mwenye turubai aliongea vizuri kutushinda sote. Alisema jamii iliyoacha kula pamoja jioni haiwezi kujua mtoto wake anakunywa nini. Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga, kabla mikono haijakumbuka ni nani anayesema.

Mama wa chai akaweka birika chini, akainua mkono.

"Mwalimu, na mimi naweza ongea?"

"Karibu, mama. Benchi ni la wote."

"Haya. Mimi niko na kijana, mnamjua. Na hiyo pombe anakunywa, mimi najua inatoka wapi. Si mbali. Ni hapa nyuma ya…"

"Mama, hapo simama," mwalimu akasema. "Bila majina."

"Sijataja jina! Nimesema nyuma."

"Nyuma pia ni jina," mmoja akadakia, na benchi likacheka.

"Ni nyumba iko na geti ya buluu."

"Ati geti! Sasa si utaje na mbwa!"

Kicheko kikazidi. Mwenye turubai hakucheka. Aliinua mkono taratibu, akapewa nafasi. "Mwacheni mama aongee," alisema. "Ako na uchungu. Lakini aongee kwa jumla, mama, ndio sisi wote tufaidike."

Mama alimtazama. "Jumla ni nini?" akauliza. "Mimi nilizaa mmoja."

Mwalimu akaliweka gazeti magotini, akaligeuza, akalielekeza kwa mwingine, naye akaanza kueleza jinsi nchi nyingine zilivyoshughulika na ulevi. Mama akaokota birika.

Mchana huo nilimfuata mwalimu akienda nyumbani. Nilimwambia kwamba sheria inayomnyamazisha yule anayeumia na kumwacha anayemuumiza aongee ni sheria mbovu.

"Wewe ulikuwa wapi," akaniuliza, "mwaka ule wa fujo za uchaguzi, majina yalipotajwa?"

Nilimwambia nilikuwa mtoto.

"Mimi nilikuwa hapa. Nilikuwa mwalimu wa watoto wao, na bado walisimama pale stendi wakasoma nani ni wa wapi. Jirani yangu aliulizwa kama mimi nimo ndani ya nyumba yake. Akanyamaza. Ndiyo maana leo bado ninatembea." Akasimama. "Leo nikimruhusu mama ataje mtu mbaya, kesho mwingine atataja mtu wa mbali. Nawe utakuwa umeshahama, kijana wangu. Wewe huhama."

Akaendelea na njia yake, nami nikarudi mjini.

Haikupita muda mrefu. Asubuhi moja yule mpagazi alimuuliza mamake kwa nini anapika chai gizani. Jua lilikuwa limeshapita juu ya paa la kanisa. Walimpeleka hospitali Nyeri, na huko wakaambiwa kwamba kilichokuwa kwenye chupa kilikuwa kimeunguza macho kwa ndani, na hakuna dawa ya kurudisha. Wengine waliokunywa siku hiyo walizikwa. Nyumba ya geti la buluu ilifungwa kwa muda, kisha geti likapakwa rangi ya kijani.

Benchi lilihuzunika kwelikweli, sitaki kulisingizia. Tulisimama kimya. Tulichanga. Kisha tukajadili, kwa siku kadhaa, kama mnywaji ni mkosaji au ni mgonjwa.

Mama hakuwa na mtu wa kumwachia kijana nyumbani. Akawa anakuja naye, amemshika kiwiko, anamkalisha kwenye benchi na kwenda kuwasha jiko. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa ya mwisho, karibu na ukuta. Mwenye turubai alisogea kidogo ili kijana akae vizuri.

Siku ya kwanza kijana alisikiliza tu. Siku iliyofuata aliinua mkono.

Lori lilipita, na hakuna aliyeligeukia. Mama alikuwa akimimina chai, akaacha, birika likabaki limeinama hewani bila kutoa kitu. Nilimtazama mwalimu. Alikuwa ameshika gazeti lake kwa mikono miwili, na nilijua kwamba leo, kijana akitaja, hatamkataza.

"Mheshimiwa mwenyekiti," kijana alisema, "mimi naona shida ni kubwa. Sisi vijana tumekosa mwelekeo. Na wale watu wanauza vitu kama hivyo, hao watu, wafikirie. Wakumbuke hata wao wako na watoto. Ni hayo tu."

Makofi yalianza upande wa barabara yakaenea. "Ameongea!" mmoja akasema. "Huyu ni kiongozi!" Mwenye turubai alimpiga begani. "Umeongea vizuri, kijana yangu. Mama, mpe huyu chai, iwe juu yangu."

Mama alimimina. Akaweka kikombe mkononi mwa mwanawe, akamkunja vidole mpaka vikashika. Kisha akamimina kingine, cha mwenye turubai, akampa pia.

Watu walipotawanyika nilikaa karibu na kijana, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama hakujua nani amekaa kando yake.

"Sauti yake naijua," alisema. "Hata harufu ya koti yake."

"Sasa?"

"Nikitaja, kesho nitakaa wapi?" Aliuliza bila hasira, kama mtu anayeulizia stendi. "Nyumbani mchana hakuna mtu. Mlimani sirudi. Hapa angalau nasikia watu."

Niliondoka Naro Moru wiki hiyo, maana sikuwa na kibarua. Kabla ya kuondoka nilipita benchini mara moja. Hoja ilikuwa kama nchi maskini inaweza kuwa huru. Kijana aliinua mkono kabla ya wote, na mwalimu, kwa mazoea, akamwelekezea gazeti. Kijana hakushusha mkono. Mwalimu naye hakushusha gazeti, mpaka mama akasema kutoka penye jiko lake, bila kugeuka:

"Ongea. Umepewa."