Kiu ya Kijibwa cha Afande

"Siku nitakayokanyaga mkojo kwenye zulia, Mastula, siku hiyo unarudi kwenu Jinja."

Ndivyo Afande Lawrence, bwana jela ninayemtunzia nyumba hapa Malukhu, alivyoniambia alipoleta kijibwa. "Kikishakula jioni, maji yasiwepo mpaka asubuhi."

Nirudi Jinja wapi? Nyumba niliyoikandika kwa mikono hii, mume wangu Magidu alimwingiza msichana, mimi akanitolea godoro barabarani. Ndoa yangu yote ikaishia kwenye godoro. Basi nikawa namwogopa afande, na kijibwa nakiogopa zaidi. Kwetu sisi Wanubi, Waislamu, mate ya mbwa ni najisi. Akikulamba unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilikuwa nakisukuma kwa ufagio tu.

Jioni moja nilikipa ugali wa posho na mukene, wale dagaa wa chumvi. Maji nikayaficha, nikakifunga kamba jikoni ninakolala. Kililia, kikalia, halafu kikanyamaza. Kimya kile ndicho kilichoniamsha. Nikawaza kimekufa kwa kiu. Nitamwambia nini afande?

Nikawasha tochi ya simu. Kamba imetafunwa. Kijibwa ki hai, kichwa kimezama ndani ya kopo langu la udhu, ninalolijaza kabla ya kulala kwa ajili ya alfajiri. Halikubaki tone. Tumbo lake lilikuwa kama ngoma. Kikatoa kichwa, kikayumba hadi sebuleni, kikapanda kwenye zulia, kikaanza kunusanusa na kuzunguka.

Ufagio sikuuona. Nikakikamata kwa mikono, kimelowa mate, nikakimbia nacho nje, nikakitua kwenye nyasi. Baridi ya mlima Wanale ilikuwa inashuka.

"Kojoa! Kojoa, nakusihi!"

Kikanitazama, kikakaa.

Mlango ukalia nyuma yangu. "Nani huyo?" Afande, rungu mkononi.

"Ni mimi, afande. Mastula."

"Unaniibia mbwa?"

"Kimekunywa maji, afande."

"Nilisema nini juu ya maji?"

"Ni ya udhu. Mimi sikukipa, kimejipa chenyewe."

Kijibwa kikamkimbilia bwana wake kwa furaha, kikachuchumaa, kikamkojolea ndala, mkojo usioisha.

"Hapo si zulia, afande." Sijui mdomo ulipata wapi ruhusa.

Akautazama mguu wake. "Mwanamke mjeuri wewe," akasema, akaenda kuuosha. Hakusema niondoke. Hakusema nibaki.

Nikanawa bombani kwa udongo na maji mara saba, na kijibwa kimenilalia miguuni, hata kuosha kukawa hakuna maana.

Siku hizi mukene kinakula mchana. Jioni kinalamba maji kidogo mbele ya macho yangu, kisha tunatoka wote nje, na kopo langu naliweka juu ya kabati. Lakini kila asubuhi, nikisikia ndala za afande zinakaribia zulia, nashika fremu ya mlango, nangoja.