Magoti Hayakudanganya

Zahanatini Muleba tulikuwa nesi, binti mwenye mimba kubwa, na mimi niliyekuwa nikimbembeleza mwanangu mgongoni. Baadaye akaja mama mkwe wa binti.

“Unaumwa?” nesi alimuuliza binti.

“Hapana, dada. Nimechoka tu.” Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania benchi.

Mkwewe alipoingia, binti alipiga magoti kumsalimu, kama tulivyolelewa Wahaya. Akashindwa kuinuka.

“Sijambo, mama,” akazidi kusema.

Nesi hakubishana. Naye alipiga magoti, akamsalimu mama huku mkono wake ukipapasa tumbo la binti.

“Mama, huyu harudi nyumbani leo.”

Mama alivua kitenge chake, akamfunika binti mgongo.

Midomo yetu imezoea kusema sijambo. Magoti bado.

Saa kumi alizaliwa mtoto wa kike.